Mbegu za ngano kwa aliyechelewa kupanda: ninazozikubali na ninazoziweka pembeni

Mfuko wa mbegu ya ngano ukiandikwa "yafaa kupandwa kwa kuchelewa", mimi huuliza kwanza: yafaa kwa njia gani? Kuna mbegu inayofaa kwa sababu inakimbia, inatoa suke na kukomaa kabla joto halijapamba moto. Kuna inayofaa kwa sababu inasimama ndani ya joto hilo na kuendelea kujaza punje. Na kuna inayofaa kwenye jedwali tu, kwa kuwa hata ikipandwa kwa wakati haitoi mavuno ya maana, hivyo haina kikubwa cha kupoteza. Mifuko yote mitatu hubeba maandishi yaleyale. Mkulima aliyecheleweshwa na mpunga uliokawia kuvunwa, au na mvua, au na zamu ya trekta, anastahili kuijua tofauti hiyo kabla hajakata uzi wa mfuko.

Kazi yangu ni kulinganisha aina za ngano. Nazipanda kwa mistari kwenye udongo mmoja, fungu moja kwa wakati wake na jingine likiwa limechelewa, kisha nazifuata mpaka kwenye mizani. Kwa aina zenye jina kubwa naongeza kumbukumbu za vituo vilivyozizalisha, maana shamba moja halitoshi kuihukumu mbegu. Nimeziacha nje ngano za majira ya baridi, zile zinazohitaji wiki kadhaa za baridi kali ndipo zikubali kutoa suke. Hizo ukizipanda wakati joto linakaribia utabaki na majani matupu. Hapa nazungumzia ngano za majira ya kuchipua, zisizodai baridi hiyo.

Ngano iliyochelewa hubanwa pande mbili. Mwanzoni inakuta udongo umeshapoa, ikaota polepole na bila kulingana. Mwishoni inakuta joto limeshafika. Katikati ndipo inapoanza kupoteza, na wengi hawapaoni. Ngano hupima umri wake kwa joto inalolikusanya. Jumlisha wastani wa joto wa kila siku: kila jumla inapofika takriban nyuzi 100, bua kuu hutoa jani jipya. Siku zenye wastani wa nyuzi joto 12 zitakupa jani kila baada ya siku nane hivi. Zenye wastani wa 20, kila baada ya siku tano. Mkulima huona shamba linakwenda mbio akafurahi. Kumbe mmea unaminywa muda wake: machipukizi ya pembeni ni machache, majani ni madogo, na suke linaumbwa ndani ya bua likiwa na nafasi chache za punje. Hasara hiyo imeshaingia kabla suke lenyewe halijaonekana.

Halafu unakuja wakati wa kuchanua. Siku chache kabla ya hapo, chavua inapoumbwa, joto linalozidi nyuzi 30 huidhoofisha, na baadhi ya vijumba vya punje hubaki vitupu. Kisha ni kujaza punje, kazi ambayo ngano huipenda kwenye wastani wa nyuzi 15 hadi 20. Kila nyuzi inayoongezeka juu ya hapo hukata takriban siku mbili hadi tatu za kujaza. Kasi ya kujaza haipandi vya kutosha kufidia siku zilizokatwa, kwa sababu kimeng'enya kinachojenga wanga ndani ya punje ni miongoni mwa vitu vya kwanza kulegea joto linapopanda. Majaribio katika vyumba vya kudhibiti joto yameonyesha hasara ya asilimia 3 hadi 4 ya mavuno kwa kila nyuzi moja juu ya 15. Kwenye tambarare za mito Indus na Ganga, ambako ngano hufuata mpunga kwa mamilioni ya hekta, hesabu inayotumika ni kwamba kila siku ya kuchelewa kupita muda mzuri wa Novemba hula karibu asilimia 1 ya mavuno. Chelewa mwezi, na umeacha karibu theluthi ya ghala nje.

Ndiyo maana siwezi kuipa mbegu sifa kwa kusikia tu kwamba "inavumilia". Nataka kujua ilifanya nini katika kila moja ya hatua hizo.

Naanza na Sonalika kwa heshima, ingawa sitakuambia uipande. Ilitolewa India mwaka 1967, kutoka kwenye vizazi vya ngano fupi vilivyotokana na kazi ya mzalishaji wa mbegu Norman Borlaug huko Mexico. Punje zake ni kubwa, za rangi ya kaharabu, na suke lake huwahi kutoka. Kwa kuwahi huko iliweza kuingia shambani baada ya mpunga na bado ikaondoka kabla ya joto kali, ndiyo maana ilitawala maeneo makubwa ya India na Bangladesh kwa miaka mingi. Anayetaka kuelewa maana ya mbegu inayokimbia aiangalie Sonalika: haishindani na joto, inalikwepa. Punje inazozijaza inazijaza vizuri kwa sababu inazijaza mapema.

Udhaifu wake uko kwenye majani. Kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu, iliishinda, na ugonjwa wa madoa ya kahawia huivamia kiasi kwamba watafiti wameifanya kuwa mfano wa aina isiyo na kinga, wanaipanda pembeni mwa majaribio ili wajue kama ugonjwa upo. Hilo halitenganiki na habari ya joto. Madoa hayo hupenda joto na unyevu, yaani hupenda msimu uleule wa ngano iliyochelewa. Jani bendera, lile la mwisho linalokumbatia suke, ndilo linalotegemewa kulisha punje wakati wa kujaza. Likiungua kwa ugonjwa, hakuna tena haja ya kuuliza kama mbegu ilivumilia joto au la. Kwa hiyo Sonalika kwangu ni mwalimu mzuri na mbegu iliyopitwa na wakati. Bangladesh yenyewe iliondoka kwake ikahamia Kanchan, iliyotolewa mwaka 1983, na baada ya hapo ikaendelea na nyingine nitakazozifikia.

PBW 373 ilitoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab, Ludhiana, na inatokana na mzao mmoja na PBW 343, aina iliyofunika mashamba ya kaskazini mwa India kuanzia miaka ya 1990. PBW 343 ilikuwa ya kupandwa kwa wakati. PBW 373 ikapangiwa waliochelewa. Ninachokipenda ni utulivu wake. Ikichelewa wiki tatu hivi, bado inatoa machipukizi ya kutosha kufunika ardhi kati ya mistari, jambo ambalo mbegu nyingi za kukimbia hazilifanyi. Haina papara ya kutoa suke. Hiyo ni faida kwa aliyechelewa kidogo, na ni hatari kwa aliyechelewa sana, kwani atakuta suke linachanua kwenye siku za nyuzi 32 na kuendelea. Shida yake nyingine ni ya ukoo: kutu ya manjano ilijifunza kuivunja kinga ya PBW 343, na ndugu yake hakubaki salama. Mahali penye kutu ya manjano siipandi, hata kama nimechelewa kiasi kinachoifaa.

Raj 3765 ndiyo iliyonifundisha kuwa kuhimili joto ni kitu halisi, kinachoweza kuonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono. Ilizalishwa Durgapura, Rajasthan, mahali ambapo joto la mwisho wa msimu ni jambo la kawaida, na watafiti wa fiziolojia ya mimea wameitumia kwenye majaribio mengi kama mfano wa aina inayohimili. Pita katikati ya mistari saa nane mchana, joto likiwa juu na hakuna upepo. Aina nyingi zilizochelewa zinakuwa zimeanza kukunja jani bendera, ncha zikigeuka rangi ya majani makavu. Hii bado iko kijani. Chuma suke, lisugue kwenye kiganja, puliza makapi. Angalia mfereji wa punje: kwenye aina dhaifu mfereji ni mpana na mashavu yake yamebonyea, ngozi imejikunja. Kwenye Raj 3765 mashavu yamejaa na mfereji umebanwa. Itafune ikiwa bado laini kidogo. Wanga wake ni mzito kwenye meno.

Hilo la kubaki kijani lina sababu. Joto huzeesha jani kabla ya wakati kwa kubomoa utando wa seli na mashine za kutengeneza chakula zilizomo. Aina ambayo utando wake hauvuji upesi hubaki na jani linalofanya kazi kwa siku kadhaa zaidi, na siku hizo zinaangukia pale punje inapohitaji kulishwa. Lakini nitoe angalizo: kijani peke yake hakitoshi. Nimeona aina inabaki kijani kwa sababu punje zake ni chache na hakuna anayekidai chakula cha jani. Kwa hiyo baada ya kuangalia jani, lazima uhesabu punje kwenye suke. Raj 3765 inapita mtihani wa pili pia, ingawa si kwa kishindo. Mavuno yake ikipandwa kwa wakati hayafikii aina za kisasa, na kinga yake dhidi ya kutu ni ya zama zake. Ningeipanda nikiwa nimechelewa mwezi, kwenye eneo kavu lisilo na kutu nyingi.

Halna, inayoandikwa pia K 7903, kutoka Kanpur, nitaizungumzia kwa ufupi. Ni ya waliochelewa kupita kiasi, wale ambao wengine wangewashauri wabadilishe zao. Muda wake shambani ni mfupi sana, inahimili joto, na inakuhakikishia kuwa utavuna kitu. Usiipande mapema ukidhani utapata zaidi. Mbegu iliyofupishwa muda haina jinsi ya kuutumia muda ulioongezwa.

HD 3059, iliyopewa jina la Pusa Pachheti na taasisi ya utafiti wa kilimo ya India, IARI, ilipotoka mwaka 2013, ndiyo ningeiweka mbele ya PBW 373 kwa aliyechelewa wiki tatu hadi tano na ana maji ya kumwagilia. Inachanganya yale mawili: haikawii kama aina ndefu, na punje hazisinyai kirahisi. Ilipitishwa mahsusi kwa ukanda wa kaskazini-magharibi baada ya kupimwa ikiwa imechelewa, na kinga yake ya kutu ilikuwa mbele ya zile za miaka ya 1990.

Inanilazimu kuitaja na HD 2967, ya taasisi hiyohiyo, kwa sababu wengi huipanda kwa kuchelewa ilhali haikutengenezwa kwa hilo. Ilitoka mwaka 2011, ikaenea kwa kasi, na ikipandwa kwa wakati ni mbegu nzuri sana: mabua mengi, masuke mazito. Muda wake ni mrefu. Ukiichelewesha, joto linaukata muda huo mwishoni, pale pale inapojaza punje. Naelewa kwa nini mkulima huing'ang'ania, kwa kuwa mbegu anayo ghalani kutoka msimu uliopita na anaiamini. Na sitamwambia amekosa kabisa, kwa sababu aina yenye uwezo mkubwa, hata ikipoteza sana, wakati mwingine humshinda mvumilivu mwenye uwezo mdogo. Ikichelewa wiki moja au mbili, sitabishana naye. Ikizidi hapo, nitamwomba aiache mbegu hiyo ghalani ingoje msimu mwingine.

Hapa ndipo majedwali yanapowapotosha watu, na nataka nieleze kwa utulivu. Tangu mwaka 1978, Fischer na Maurer walipopendekeza kipimo chao cha kuathirika kwa ukame, watafiti wamekihamishia kwenye joto. Kinalinganisha hasara ya aina moja na hasara ya wastani ya aina zote kwenye jaribio. Chini ya 1 huitwa mvumilivu, juu ya 1 huitwa dhaifu. Ni kipimo cha haki kwa mtafiti. Kwa mnunuzi wa mbegu kinaweza kuwa mtego. Tuseme aina ya kwanza hutoa tani 5 kwa hekta ikipandwa mapema na tani 3.5 ikichelewa: imepoteza asilimia 30. Aina ya pili hutoa tani 3 mapema na 2.6 ikichelewa: imepoteza asilimia 13 hivi. Kwa kipimo hicho, ya pili ndiyo shujaa. Kwa hesabu ya magunia, ya kwanza imekuzidishia kilo 900 kwa hekta. Unaposoma sifa za mbegu, tafuta kwanza tani zilizopatikana kwenye upandaji wa kuchelewa. Asilimia ya hasara iangalie baadaye, kati ya aina ambazo tani zake zinakaribiana.

Upande wa Bangladesh msimu wa baridi ni mfupi na hewa ina unyevu, kwa hiyo hata aliyepanda kwa wakati anaonja joto. BARI Gom 26, iliyotolewa mwaka 2010, ilisifiwa kwa kuhimili joto, na sifa hiyo naikubali: inachanua mapema, punje zake ni nzuri. Kisha mwaka 2016 ugonjwa wa blasti ya ngano, uliokuwa unajulikana Amerika Kusini tangu uonekane Brazil mwaka 1985, ukaingia Bangladesh, na aina nyingi zilizokuwa shambani hazikuwa na kinga. Blasti hushika suke, suke likawa jeupe kuanzia pale ulipoingia kwenda juu, na punje zikawa makapi. Ugonjwa huo hupenda joto na unyevu wakati wa kuchanua. Jibu lilikuwa BARI Gom 33, iliyotolewa mwaka 2017, yenye kipande cha kromosomu kilichotoka kwenye jamaa wa mwituni wa ngano, kiitwacho 2NS, kinachoipa kinga, na pia yenye zinki nyingi kuliko kawaida kwenye punje. Kwa mtu wa maeneo ya joto lenye unyevu, naiweka BARI Gom 33 mbele ya BARI Gom 26 bila kusita. Kuhimili joto bila kinga dhidi ya magonjwa ya joto ni kazi iliyoachwa nusu.

Sudan ni habari nyingine. Kwenye mpango wa umwagiliaji wa Gezira, kipindi cha baridi ni kifupi mno na hewa ni kavu. Ngano huanza kwenye joto na kumalizia kwenye joto. Kituo cha Wad Medani kimekuwa miongoni mwa sehemu ambazo mbegu za dunia hupelekwa ili zijaribiwe kwa joto kali, na aina kama Debeira na Imam zimeishi humo. Ninaiheshimu Imam kwa jambo moja hasa: hujenga machipukizi hata joto likiwepo tangu mwanzo. Aina nyingi za India zinazosifiwa kwa kuchelewa hazijazoea hilo, maana zenyewe huanza kwenye baridi na kukutana na joto mwishoni tu. Kwa hiyo mbegu iliyofaulu Wad Medani inaweza kukufaa au isikufae, kutegemea joto lako linaingia lini. Nimekuta watu wanaziita zote "mbegu za joto" na kuzibadilishana kana kwamba joto ni moja. Joto la mwanzo hupunguza mabua. Joto la kuchanua hupunguza idadi ya punje. Joto la mwisho hupunguza uzito wa punje. Uliza mbegu yako ilizoea lipi.

Kuhusu hewa kavu, kuna kifaa ambacho kimebadilisha namna ninavyotathmini: kipimajoto cha miale ya infraredi, unachokielekeza kwenye majani bila kuyagusa. CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, huko Ciudad Obregón, kaskazini-magharibi mwa Mexico, hupanda ngano kwa kuchelewa kwa makusudi, miezi kadhaa baada ya wakati wake, ili ichanue kwenye joto kali, kisha hupima joto la majani mchana. Walichokiona tangu miaka ya 1990 kimethibitishwa sehemu nyingi: aina zenye majani ya baridi zaidi kuliko jirani zao ndizo zinazoelekea kuvuna zaidi. Sababu iko ardhini. Mmea hujipoza kwa kutoa maji kupitia matundu ya majani, na hauwezi kuyatoa kama mizizi haiyaleti. Majani ya baridi yanakuambia mizizi imekwenda chini na inafanya kazi. Mistari miwili iliyo jirani, ikimwagiliwa pamoja, inaweza kupishana nyuzi joto moja au mbili, na kwenye ujazaji wa punje hiyo ni siku kadhaa za kazi. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi tofauti hizo hufifia, kwa hiyo usikitegemee kifaa hicho kila mahali.

Sijagusia bado ubora wa punje, na mwokaji hatanisamehe. Ngano iliyochomwa na joto mwishoni huwa na punje nyembamba, hivyo kipimo cha uzito kwa ujazo hushuka na kinu hupata unga mchache, pumba nyingi. Kiwango cha protini huonekana kimepanda, watu wakasherehekea. Kilichotokea ni kwamba wanga umepungua kuliko protini. Juu ya hapo, joto kali huvuruga uwiano wa sehemu mbili za gluteni, gliadini na glutenini inayoupa unga nguvu, na donge likawa legevu kuliko asilimia ya protini inavyoahidi. Aina ambayo punje zake zinabaki nene kwenye upandaji wa kuchelewa inakusaidia hapa pia. Nikilazimika kuchagua kipimo kimoja tu cha kuihukumu mbegu iliyochelewa, nitachukua uzito wa punje 1,000 na kuulinganisha na uzito wa aina hiyohiyo iliyopandwa kwa wakati.

Mbegu hata iwe nzuri vipi inahitaji kusaidiwa. Machipukizi yakiwa machache, ongeza mbegu: mapendekezo ya India kwa aliyechelewa ni kilo 125 kwa hekta badala ya 100, na mistari ibanwe hadi sentimita 18 hivi. Nimeona watu wananunua aina ya kuchelewa kisha wanaipanda kwa kiasi cha kawaida na kuilaumu kwa shamba lenye mapengo. Maji mepesi wakati wa kujaza punje, ukichagua siku isiyo na upepo ili mabua yasilale, hupoza shamba kuliko dawa yoyote ninayoijua. Chuo cha Ludhiana hupendekeza pia kunyunyizia nitrati ya potasiamu, myeyusho wa asilimia 2, suke likiwa bado ndani ya ala na tena wakati wa kuchanua. Inasaidia kiasi, isikufanye ulegeze uchaguzi wa mbegu. Na kama kilichokuchelewesha ni kulima baada ya mpunga, mashine ya kupanda moja kwa moja kwenye mabua ya mpunga bila kulima, kama ile ya Happy Seeder, inakurudishia siku ambazo hakuna mbegu inayoweza kukurudishia.

Machi 2022 ilikuwa Machi yenye joto kuliko zote India tangu kumbukumbu zianze mwaka 1901, na mnamo Mei 13 mwaka huo serikali ikazuia ngano kuuzwa nje. Joto lilikuja mapema, likakuta punje bado laini. Aliyekuwa amepanda mapema alikuwa tayari amejaza sehemu kubwa ya punje zake. Aliyechelewa alikutwa na yote. Tangu hapo sihukumu tena aina kwa msimu mmoja wa kawaida. Nataka kuona ilifanyaje mwaka ule joto lilipowahi, na mzalishaji asiyeweza kunionyesha matokeo ya mwaka mbaya simwekei alama ya juu.

Uchaguzi wangu, basi. Umechelewa wiki moja au mbili: baki na aina yako bora ya kawaida, ongeza mbegu kidogo. Wiki tatu hadi tano, na una maji: HD 3059 au aina mpya zaidi zilizopitishwa kwa upandaji huo katika ukanda wako, zenye kinga ya kutu ya sasa. Mwezi na zaidi, kwenye ukavu: Raj 3765 au kizazi chake. Kwenye joto lenye unyevu na hofu ya blasti: BARI Gom 33. Joto tangu siku ya kupanda: tafuta zilizopitia Wad Medani. Umechelewa kupita kiasi: Halna, ukiwa na matumaini ya wastani.

Kwa wanaofungasha mbegu nina ombi. Chapisheni kwenye mfuko namba mbili: siku za kutoa suke aina ikipandwa kwa kuchelewa, na uzito wa punje 1,000 katika upandaji huohuo. Aina iliyopitishwa kwa ajili ya kuchelewa imepimwa ikiwa imechelewa, kwa hiyo namba hizo mnazo kwenye majedwali yenu. Anayenunua anazihitaji kuliko picha ya suke la dhahabu iliyo upande wa mbele.